Dungeon Master's Guide ya 2014: kitabu kizuri ila ukurasa wa 128 utawagombanisha

Nina hiki kitabu cha D&D (mchezo wa mezani wa kubuni hadithi, kila mtu na mhusika wake) kama mwaka na nusu sasa, nilikichukua mkono wa pili kwa jamaa aliyekuwa anahama Arusha, jalada limekwaruzika ila kurasa zote 320 zipo. Kiukweli hela yangu haijaenda bure, majedwali ya hazina peke yake yanakuchezesha miezi. Balaa liko kwenye kutengeneza vifaa vya uchawi.

Iko hivi. Jumamosi huwa tunacheza sebuleni kwa mshkaji kule Sakina, mchawi wetu akapata fomula ya fimbo ya kurusha mipira ya moto. Fimbo hiyo iko daraja la adimu, gharama dhahabu 5,000, na mtu mmoja anasogeza kazi ya dhahabu 25 tu kwa siku, yani siku 200, na adui yetu anafika baada ya siku 60. Lakini kitabu kinaruhusu kusaidiana, kila mtu na 25 yake. Tuko wanne, siku 50, tukagonga tano.

DM, yule anayeongoza mchezo, akasema ngojeni kwanza. Mwanzoni imeandikwa mtengenezaji awe mtu wa uchawi, mwenye sloti za speli (nafasi zake za kupiga uchawi kwa siku), na aweze kupiga speli ya kifaa chenyewe. Chini kidogo kwenye kusaidiana wanadai kila msaidizi afikishe leveli tu, ambayo kwa vifaa adimu ni ya 6. Sasa mimi na mwenzangu tunacheza wapiganaji, leveli 6 tunayo, uchawi hata wa kuwasha kiberiti hatuna, je tunahesabika? Mimi nikakomaa kwamba wangetaka wote wawe wa uchawi wangeandika hapo hapo, dada anayecheza kasisi akanikata, "we chalii, saidia fundi anabeba zege kutwa nzima, umeshawahi kusikia anaitwa fundi?" Chai ya tangawizi ikapoa mezani, umeme ukakatika, tukaendelea kusoma sentensi ile ile kwa tochi ya simu na kila mtu anaona anachotaka kuona.

Cha ajabu vitu vingine wameeleza mpaka basi. Mchawi lazima ateketeze sloti moja ya speli hiyo kila siku ya kazi, na malighafi ziwepo muda wote, ambazo kwa mpira wa moto ni kinyesi cha popo na salfa. Hapo hakuna aliyebisha, tulibishana nani atakibeba.

Toleo la 2024 wamepunguza makali, kifaa adimu ni siku 50 na dhahabu 2,000, na unatakiwa uwe umesomea Arkana, yani elimu ya uchawi. Vile vya daraja la juu kabisa ni siku 250, wakati kwenye hiki changu ni dhahabu 500,000, piga hesabu mwenyewe, siku 20,000, miaka 54 na ushee, fimbo anakuja kukabidhiwa mjukuu.

Natoa nyota nne. Kama kundi lenu lina wabishi mkubaliane hicho kipengele kabla hamjarusha dadu hata moja. DM wetu aliamua saidia fundi ahesabiwe nusu, ikawa dhahabu 75 kwa siku, siku 67. Adui akafika siku ya 60 kama alivyoahidi, fimbo bado iko kwenye turubai.