Submittable, Duotrope na orodha ya Poets & Writers: ipi inamfaa mwandishi wa makala anayesaka mashindano?

Huduma hizi tatu hutajwa kwa pumzi moja kila mwandishi wa kujitegemea anapouliza aanzie wapi, ilhali kazi zake ni tofauti kabisa. Poets & Writers ni ubao wa matangazo uliochujwa, Submittable ni mlango wa kupitishia kazi, na Duotrope ni daftari la kumbukumbu lenye takwimu. Mbili za kwanza mwandishi hazilipii. Ya tatu inalipiwa, na kwa anayeandika makala, insha na kumbukumbu za maisha, tunaona hiyo ndiyo ya kuchelewesha.

Poets & Writers ni shirika lisilo la faida lenye makao New York, lililoanzishwa mwaka 1970, na ndilo linalochapisha jarida la jina hilohilo. Orodha yake ya mashindano, ruzuku na tuzo ipo wazi kwa yeyote. Unachuja kwa aina ya uandishi, kiwango cha ada na ukaribu wa tarehe ya mwisho, na kila tangazo linaeleza zawadi, ada na nani aliyeandaa. Anza kwa kuchuja ada. Mashindano yasiyotoza kitu yapo, ila yakichanganyika na mengine hayaonekani. Udhaifu wa orodha hii ni wa aina mbili. Imeegemea insha za kifasihi, hivyo mwandishi wa makala za sayansi, afya au uchunguzi atapata machache. Huyo atafute tuzo kupitia vyama vya waandishi wa fani yake. Pili, muhtasari wa tangazo haukuambii lolote la maana kuhusu hakimiliki. Hilo lazima ulifuate kwenye kanuni kamili za mwandaaji, tena kabla ya kulipa.

Submittable ilianzishwa mwaka 2010 huko Missoula, Montana, na leo majarida mengi ya fasihi hupokea kazi kupitia humo. Akaunti ya mwandishi ni ya bure. Pesa inayokutoka ni ada ya shindano lenyewe. Faida yake kubwa ni kwamba kazi zako zote zinakaa sehemu moja, kila moja na hali yake: imepokelewa, inashughulikiwa, imekubaliwa, imekataliwa, imeondolewa. Usipoteze usingizi kwa hali ya “inashughulikiwa”. Inabadilika mtu wa upande wa pili anapoigusa kazi ndani ya mfumo, kwa mfano akiikabidhi kwa msomaji. Haina maana kwamba imesomwa, sembuse kupendwa. Wapo wanaoifungua akaunti mara tano kwa siku kusubiri neno libadilike. Muda huo ungetosha kuandika pendekezo jingine la makala kwa mhariri.

Matatizo mengi ya Submittable hutokea saa za mwisho. Tarehe ya kufunga huenda kwa saa za eneo la mwandaaji, si zako, na tofauti inaweza kuwa saa kumi hivi. Kadi ya benki ikikataa malipo dakika ya mwisho, fomu haijawasilishwa hata kama faili imeshapanda. Fomu iliyohifadhiwa kama rasimu nayo haijawasilishwa. Ukishatuma, huwezi kubadilisha faili mpaka mwandaaji akufungulie, na ukiiondoa kazi kwa sababu imekubaliwa kwingine, kwa kawaida ada hairudi. Tuma siku tatu kabla, kisha hakikisha barua pepe ya uthibitisho imefika. Kama haijafika, chukulia hujatuma.

Mashindano mengi husomwa bila jina la mwandishi, na hapa ndipo kazi nzuri hutupwa nje kwa uzembe. Kufuta jina kwenye ukurasa wa kwanza hakutoshi. Jina linabaki kwenye kichwa cha kila ukurasa, kwenye jina la faili, na ndani ya sifa za faili ambako programu ya kuandikia huliweka yenyewe bila kukuuliza. Fungua sehemu ya taarifa za faili, futa mwandishi, hifadhi upya, halafu ifungue tena uhakikishe. Mwandishi wa insha ya maisha yake ana mtego wa ziada: mama akimwita mhusika kwa jina ndani ya simulizi, na mhusika ni wewe, jina limetoka. Soma kanuni zinasemaje. Wengine huruhusu, wengine hutaka libadilishwe kwa toleo la shindano tu. Kwa mpangilio, kama kanuni hazisemi lingine, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za inchi moja na namba za kurasa zitakubalika karibu kila mahali. Kikomo cha maneno si pendekezo. Maneno 4,012 kwenye shindano la 4,000 ni kujitoa mwenyewe.

Duotrope ilianza mwaka 2005 ikiwa ya bure na kugeuka ya kulipia mwaka 2013. Bei yake ya kawaida ni dola 5 kwa mwezi au dola 50 kwa mwaka. Unachonunua ni mambo matatu: utafutaji wa machapisho kwa vigezo vya kina, kalenda ya tarehe za mwisho, na takwimu za majibu zinazotokana na taarifa za watumiaji wenyewe. Katika hayo, cha thamani zaidi ni muda wa majibu. Ukijua jarida fulani hujibu kwa wastani wa siku 60, huna sababu ya kumsumbua mhariri siku ya 30, wala ya kusubiri kimya hadi siku ya 200.

Asilimia za kukubaliwa zisome kwa tahadhari. Mtu aliyekubaliwa hukimbilia kutoa taarifa. Aliyekataliwa mara ya tisa husahau. Kwa hiyo kiwango kinachoonekana huwa juu kuliko hali halisi. Kwa upande wa makala na insha tatizo ni zaidi, kwa sababu taarifa ni chache kuliko za hadithi fupi na ushairi. Chapisho lenye taarifa sita za insha halijakuambia kitu. Kama unatuma kazi mbili tatu kwa mwezi, jedwali la kompyuta linatosha: jina la kazi, mahali ilikokwenda, tarehe ya kutuma, ada, kama wanaruhusu kutuma kwingine kwa wakati mmoja, tarehe ya kuulizia, jibu, na safu moja ya haki ulizotoa. Hiyo safu ya mwisho ndiyo watu huiacha, na ndiyo watakayoitafuta miaka miwili baadaye mhariri mwingine akitaka kuchapisha upya.

Sasa kuhusu bidhaa yenyewe, yaani shindano. Huduma zote tatu zinakupa njia ya kufika dukani. Hakuna hata moja inayokuambia kama kilichomo dukani kina thamani ya bei yake. Hesabu utaifanya wewe. Chukua shindano la mfano lenye zawadi moja ya dola 1,000, ada ya dola 20 na washiriki 400. Ada pekee zimeingiza dola 8,000. Kama nafasi za wote ni sawa, tiketi yako ina thamani ya dola 2 na nusu, nawe umeilipia 20. Ili ada hiyo ijilipe kwa fedha peke yake, nafasi yako ingepaswa kuwa moja kati ya 50. Hii haina maana kwamba mwandaaji ni mwizi, maana jaji analipwa, wasomaji wa awali wanalipwa au wanastahili kulipwa, na jarida dogo huendeshwa kwa ada hizo. Ila usiite uwekezaji kitu ambacho ni mchango wenye bahati nasibu ndani yake. Ada ikija na usajili wa jarida kwa mwaka, na ungelinunua hata hivyo, hesabu inabadilika.

Kifungu cha hakimiliki ndicho kinachotenganisha shindano la kweli na mtego. Kinachokubalika ni mshindi kutoa haki ya kuchapisha mara ya kwanza, kisha haki zirudi kwake. Kisichokubalika ni sentensi inayoanza “kwa kushiriki, mshiriki anatoa”, na kuendelea kumpa mwandaaji haki za kudumu juu ya kazi zote, zikiwemo za walioshindwa. Hapo mwandaaji amekusanya makala mia kadhaa na kulipia moja. Angalia pia kama jaji ametajwa kwa jina, kama kanuni zinakataza wanafunzi na rafiki zake kushiriki, na kama mwandaaji amejipa uhuru wa kutotoa zawadi huku akibaki na ada. CLMP, jumuiya ya majarida na wachapishaji wa fasihi wa Marekani, ina kanuni za maadili ya mashindano zinazotaka mambo ya namna hiyo: mwongozo ulio wazi, mgongano wa maslahi kufafanuliwa, na utaratibu wa uteuzi kujulikana kwa umma. Shindano linalotangaza kuzifuata limejifunga angalau kwa maneno. Kwa lenye harufu mbaya, litafute kwenye Writer Beware, mradi unaodhaminiwa na SFWA, chama cha waandishi wa hadithi za kubuni za sayansi na fantasia, unaofuatilia hila dhidi ya waandishi tangu mwaka 1998 na kusomwa bure. Tuzo yenye vitengo vingi, kila kitengo kwa ada yake, inayowauzia washindi vibandiko na vyeti, ni biashara ya vibandiko.

Baadhi ya mashindano huuza pia maoni ya mhariri kwa nyongeza ya ada, au kifurushi cha ushauri wa kazi. Uliza nani anasoma, ataandika maneno mangapi, na lini. Jibu la “mmoja wa wahariri wetu” bila jina ni sababu tosha ya kuacha.

Kuna jambo ambalo orodha za mashindano, kwa asili yake, haziwezi kukuambia: makala nyingi hazipaswi kwenda kwenye shindano kabisa. Shindano linataka kazi nzima iliyokamilika, na huishikilia miezi minne, mitano, hata zaidi. Mhariri wa jarida anataka pendekezo la maneno 250 hadi 400 kabla hujaandika: habari yenyewe ni ipi, kwa nini sasa, utazungumza na nani, itakuwa na urefu gani, na kwa nini wewe. Ukimya wa wiki mbili unatosha kumkumbusha mara moja. Baada ya wiki nyingine peleka kwingine. Mkataba ukija, tafuta kifungu cha fidia ya makala iliyoagizwa kisha ikaachwa. Robo ya malipo ni jambo la kawaida, na bila kifungu hicho kazi ya mwezi inaweza kuishia sifuri. Kwa hiyo habari yenye tarehe, mahojiano na uchunguzi vipeleke kwa wahariri. Mashindano yabakizie insha ya maisha au ya tafakuri isiyochacha, ambayo hata hivyo ungeiwasilisha ikiwa imekamilika.

Na usiitume bila jalada la ushahidi. Insha ya kweli ikishinda, mwandaaji anaweza kuomba vyanzo, kibali cha picha, kibali cha kunukuu barua ya mtu au maneno ya wimbo, na maelezo ya majina yaliyobadilishwa. Ushindi unaweza kupotea hapo, si kwa uongo, bali kwa kukosa karatasi. Kumbuka pia kwamba kwa waandaaji wengi, insha uliyoiweka kwenye ukurasa wako wa mtandao imeshachapishwa, hata kama ilisomwa na watu kumi.

Kufika fainali kuna thamani ndogo lakini halisi: mstari mmoja kwenye wasifu wa maneno 50. Mhariri wa makala ataupita haraka na kubofya kazi zako tatu zilizochapishwa, kwa hiyo hizo tatu zije kwanza.

Uamuzi wetu: orodha ya Poets & Writers kila mwanzo wa mwezi, Submittable pale tu mwandaaji anapoitaka, na jedwali lako mwenyewe. Weka kikomo cha ada kwa mwaka, tuseme mashindano manne, na fedha ikiisha uhamie kwenye yasiyotoza. Duotrope ilipie mwezi mmoja unapokuwa na insha tano au sita zilizo tayari kwenda, fanya utafutaji wote ndani ya siku hizo 30, nakili muda wa majibu wa kila chapisho kwenye jedwali, kisha sitisha malipo kabla mwezi wa pili haujakatwa.