Emerald ya feki, muuzaji wa matusi, na DS Lite ambayo (karibu) sina neno nayo

Nianze na hukumu kabla hasira haijanipoa. Ukimkuta kijana wa duka anakuuzia kaseti ya Pokémon, ile gemu ya kukamata viumbe na kuwapiganisha, huku anakula kiapo kwamba ni orijino, ondoka. Usibishane naye, usimwombe punguzo. Ondoka, ukanunue maji ya madafu, utakuwa umepata faida.

Duka silitaji. Liko katikati ya mji wa Mombasa, si mbali na Digo Road, na waliowahi kuumwa pale watalijua tu.

Mashine yenyewe ya kuchezea gemu ni Nintendo DS Lite, ile ya mkononi ya kukunja ya 2006. Niliipata mtumba kwa jamaa aliyerudi nayo kutoka Dubai, imechubuka pembeni, bawaba imelegea kidogo, lakini skrini zote mbili zang'aa. Hizi DS ziliuzwa zaidi ya milioni 154 duniani, kwa hivyo mitumba yake haijakwisha na wala haitakwisha leo. Mimi niliitaka Lite hasa kwa sababu ina tundu la pili, upande wa chini, la kaseti za Game Boy Advance, mashine ya Nintendo iliyoitangulia. DSi iliyokuja baadaye ilinyimwa tundu hilo. Sijui nani alipitisha uamuzi ule, ila alaaniwe kidogo tu, si sana.

Tena nataka ieleweke vizuri: mashine hii ni raha. Mimi huvuka feri ya Likoni kwenda kazini na kurudi, na mwenye kuijua foleni ile ajua kwamba pale mtu waweza kuzeeka umesimama. Nikaanza kuvuka na Emerald, kaseti yenyewe ya ugomvi, mfukoni. Kaseti za Advance hazizami zote ndani ya Lite, huchomoza nje, basi ukivaa suruali ya kubana yakuchoma paja. Na ukifunga kifuniko katikati ya gemu ya Advance, mashine hailali kama inavyolala kwa gemu za DS, betri yaendelea kuliwa. Nilizoea. Hayo ni madogo.

Emerald ni nini kwa asiyejua: ni Pokémon ya mwaka 2004, nchi yake yaitwa Hoenn, na nusu ya Hoenn ni bahari. Wako wanaolalamika kwamba maji yamezidi. Waacheni, hao ni watu wa bara. Kuna mji wa bandari, Slateport, wenye soko kando ya pwani na karakana ya meli, na mara ya kwanza kufika nilicheka peke yangu pale bandani kwenye feri mpaka mzee mmoja akaniuliza kama ni mzima. Kisha kuna pango, Shoal Cave, ambalo maji yake hujaa na kupwa kufuatana na saa halisi. Maji yakipwa waingia vyumba vingine, yakijaa waogelea juu yake. Mtu aliyekulia Mombasa haelezwi utamu wa jambo hilo.

Na hapo kwenye maji kujaa na kupwa ndipo ugomvi wangu ulipo, nisomeni vizuri.

Siku niliyonunua kaseti niliuliza waziwazi, mbele ya watu: hii ni orijino? "Orijino kabisa, yatoka Japani." Maandishi yote ya Kiingereza, lakini yatoka Japani. Haya. Ilikuwa imebanwa ndani ya plastiki, nikaomba ifunguliwe niitazame, nikaambiwa plastiki ikichanwa ishanunuliwa. Nikalipa kwa simu. Kufika nyumbani, kuwasha, ujumbe wa kwanza wasema betri ya ndani imekwisha, gemu yachezeka ila mambo ya saa hayatatokea. Nikampigia. Akanijibu kwamba kaseti za zamani zote ziko hivyo. Na ubaya wake ni kwamba hapo alisema kweli! Emerald za haki nazo, kwa umri wake, huonyesha ujumbe huohuo. Basi nikaikosa Shoal Cave yangu, pango likabaki limeganda, nikasema potelea mbali, nitamaliza safari bila bamvua.

Nikasafiri. Sitawahesabia usiku wala foleni. Nilianza na Treecko, Pokémon wangu wa kwanza, nikampa jina la Mjusi, akakua akawa Sceptile, na jina la Mjusi akabaki nalo. Nilikuwa na Wailord, nyangumi mkubwa asiyekuwa na kazi yoyote ya maana vitani, lakini nilikataa kumwacha. Nikafika Ever Grande, mwisho wa safari, kwa wale wapinzani wanne wa mwisho, nikawapita mmoja mmoja, nikakutana na Wallace, bingwa mwenyewe, ambaye Pokémon wake ni wa maji kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mjusi ni wa majani, na kwenye Pokémon majani huyashinda maji. Wenye kucheza washajua yaliyompata Wallace.

Nikaingia ukumbi wa mabingwa. Gemu ikanionyesha kikosi changu, ikasevu yenyewe, majina ya waliotengeneza yakapita. Nililala mwenye furaha, na mimi si mtu wa kulala na furaha hovyohovyo.

Asubuhi, kwenye feri, nawasha: gemu mpya, mipangilio. Hayo mawili tu. Hakuna kuendelea. Mjusi hayupo. Nyangumi hayupo. Nikazima nikawasha, nikatoa kaseti nikaipuliza kama zile kaseti za utotoni. Wapi.

Mchana nikaenda dukani. Na wallahi nilikwenda kwa adabu, muulizeni yeyote aliyekuwapo. Nikamwambia, mwanangu, kaseti imefuta kila kitu. Hata hakuinua macho kwenye simu.

"Betri hiyo. Betri ikiisha hufuta."

Nikamweleza pole pole kwamba Emerald ya haki haisevu kwa betri. Zile za kwanza kabisa, za Game Boy ya zamani, ndizo zilizoshika kumbukumbu kwa betri, na betri ikifa na kumbukumbu imekwenda. Emerald yaandika kwenye chipu ya flashi. Betri yake ni ya saa peke yake: miche ya matunda kukua, na maji ya pango kujaa na kupwa. Ikifa, saa yasimama, lakini safari yako yabaki palepale. Kwa hivyo kama safari imefutika, ndugu, umeniuzia feki.

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee, na ndevu zako hizo, waja kunililia hapa kwa ajili ya katuni za watoto?"

Duka likacheka. Si wote, lakini wa kutosha.

Nimekaa na sentensi hiyo tangu siku ile, na majibu yote mazuri yamenijia baadaye, kwenye feri, kama kawaida ya majibu. Kwanza: Pokémon ilianza Japani mwaka 1996. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule leo ni baba wa watu. Ndevu ndizo zilizoilea biashara hii. Pili: aliyeibuni, Satoshi Tajiri, alipata wazo kwa mchezo wake wa utotoni wa kukusanya wadudu, na gemu ilipotoka alikuwa na miaka 30. Huyo naye aambiwe akalee watoto? Tatu, na hili ndilo linalonichoma zaidi: pesa zangu alipozipokea hakuniuliza umri.

Nikamwonyesha kidole Katiba, kifungu cha 46, kwamba mnunuzi ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo. Yeye akanionyesha kidole kibao ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi. "Nenda mahakamani na Pikachu wako."

Na Pikachu mwenyewe sikuwa naye! Kwenye Emerald Pikachu apatikana Safari Zone, mbuga ya humo ndani ya gemu, nami sikuwahi hata kumtafuta. Mtu auza kitu asichokijua, kisha akutukania nacho.

Aliyeniokoa na aibu ni mama mmoja wa buibui aliyekuwa akingoja kubadilishiwa chaja. Alisema tu, "Mwanangu, kama umemuuzia mwenzio kitu kibovu mpe pesa zake. Hayo ya ndevu yamejia wapi?" Kijana akanywea kidogo. Pesa hakutoa. Akatoa kaseti nyingine chini ya meza, gemu mia na hamsini ndani ya kaseti moja, ati nichague. Nikamwachia.

Nikapitia kwa fundi wa simu ninayemwamini, Mwembe Tayari, akaifungua na wala hakunitoza. Hata bila kufungua ingeonekana, ukichungulia kwenye meno ya kaseti: ya haki ina jina la Nintendo limechapwa kwenye bodi pale pale juu ya meno. Yangu tupu. Gamba la Emerald ya haki ni la kijani chenye kupenya mwanga. Langu kijani cha sabuni ya mche. Na lebo ya haki ina namba ndogo iliyogandamizwa juu yake, ukiipinda kwenye mwanga waiona. Yangu laini. Kuhusu kufutika baada ya ubingwa, nimekuja kujua ni ugonjwa wa kawaida wa hizi feki: zasevu vizuri njia nzima, hadi gemu inapokwenda kuandika orodha ya mabingwa kwenye sehemu nyingine ya kumbukumbu, ndipo zinapoanguka. Yaani yakuacha ufike mwisho kwanza.

Sasa nikiwa hapa hapa na hasira, nilisema DS Lite sina neno nayo. Ninalo. Lite yapokea kaseti ya Advance lakini haina tundu la waya wa kuunganisha, kwa hivyo kwa gemu hizi huwezi kubadilishana na mtu. Na kuna Pokémon ambao bila kubadilishana hawakui: Kadabra wangu angebaki Kadabra mpaka Kiyama. Na kaulimbiu ya mchezo ni kuwakusanya wote! Na Emerald nayo, kwa nini yaruhusu sevu moja tu? Mbili zingewagharimu nini? Na kule baharini, kila mapigo machache ya maji akuzukia Pokémon yuleyule: Tentacool, Tentacool, Tentacool. Labda wale watu wa bara walikuwa na hoja.

La. Hapana. Nafuta hilo la bahari. Bahari iko sawa.

Niseme na hili, ingawa lanikera kulisema: nimeanza tena. Kwenye kaseti ileile ya feki. Safari hii na Mudkip, kwa sababu Mjusi siwezi kumpa jina mara ya pili. Ilikuwa foleni ndefu, mashine iko mfukoni, nami si malaika. Na yapendeza, tena yapendeza vilevile, muziki wa Slateport ulipoanza nikasahau kwamba nilikuwa na ugomvi na mtu. Gemu ambayo hata mwizi hawezi kuiharibu utamu wake ni gemu ya namna gani? Nilikuwa nimeipa kaseti sifuri, sasa sijui niipe nini. Muuzaji habadiliki, yeye sifuri, hata kama kesho atanipigia magoti.

Mpango wangu ni huu: nitapanda hadi Ever Grande na kukomea mlangoni. Kwa Wallace siingii. Yeye na abaki bingwa, nami nibaki na Mudkip wangu.

Na kama kuna mtu hapa Mombasa, kisiwani, Likoni, Kisauni, popote, ana Emerald ya haki, ya gamba la kupenya mwanga, namba kwenye lebo, jina kwenye meno, nitaifuata mwenyewe. Nitaigeuza nichungulie kwanza, halafu natuma pesa papo hapo. Betri kama imekufa si neno, kubadilisha nitampa yule fundi.