Uzoefu wangu: kubadili kontrola ya kigari cha gofu cha umeme, Kibosho

Kigari chetu ni cha volti 36, chenye betri sita za volti 6 kila moja, na tangu kifike Moshi hakijakanyaga uwanja wa gofu. Kazi yake ni kupandisha wageni na mizigo yao kutoka getini hadi vyumbani, ndani ya shamba la kahawa upande wa Kibosho, ambako njia karibu yote ni mwinuko. Kwenye tambarare kilikwenda takriban kilomita 20 kwa saa kama vingi vya aina yake, lakini kikibeba watu wanne mlimani kilitambaa tu. Ndiyo maana nilifikiria kubadili kontrola, yaani kifaa kinachoongoza kiasi cha umeme wa betri kinachokwenda kwenye mota.

Kabla ya kukubali ninunue chochote, fundi umeme alinyanyua kiti, akamulika mota kwa tochi ya simu na kunionyesha terminali zilizoandikwa A1, A2, S1 na S2, zote zikiwa na nyaya nene. Hiyo ni mota ya siriesi: umeme unaopita kwenye amecha, sehemu ya mota inayozunguka, ndio huo huo unaopita kwenye koili za sumaku. Kama pangekuwa na F1 na F2 zenye nyaya nyembamba, koili zingekuwa na njia yao ya umeme, na mota ya namna hiyo huongezewa mwendo kwa kupanga programu ya kontrola ili idhoofishe sumaku. Kontrola ya mota moja haifai kwa nyingine, jambo ambalo baadhi ya wauzaji wa mtandaoni hulipitia juu juu mno.

Niliondoa kontrola ya ampea 275 nikafunga ya ampea 400, inayokubali volti 36 hadi 48. Mlimani tofauti ni kubwa: kigari kinaondoka papo hapo hata kikiwa kimejaa, na dereva hahitaji tena kukitafutia kasi tangu chini. Kwenye tambarare, hata hivyo, mwendo haukubadilika sana, na atakayeinunua kwa ajili ya mbio atalaumu bidhaa isiyo na kosa, kwa maana ampea ndizo zinazoipa mota nguvu ya kuvuta, na mwendo hutokana hasa na volti.

Nilihofia pia kwamba ampea 400 zingekausha betri. Kumbe kontrola hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo inapoipa mota nusu tu ya volti, ampea 300 zilizo kwenye mota huwa takriban 150 tu kwenye betri. Betri huelemewa pale pedali inapokanyagwa hadi mwisho mlimani, na zikiwa zimechoka volti hushuka hadi kontrola yenyewe ipunguze nguvu.

Gharama haikuishia kwenye kontrola. Ilibidi tubadili nyaya nene zote pamoja na solenoidi, yaani swichi kubwa inayounganisha betri na kontrola, na kuhakikisha kwamba kontrola mpya inaelewa aina ya pedali iliyopo. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa duni. Bila fundi nisingejua kwamba solenoidi inahitaji rezista (kipunguza umeme) ya kuchaji taratibu kapasita, yaani vihifadhi umeme vilivyo ndani ya kontrola, la sivyo cheche huunguza kontakti zake.

Kupanda hadi volti 48 kungetupa mwendo halisi, ila kungedai chaja na betri nyingine, na breki za kigari hiki ziko magurudumu ya nyuma pekee. Kwa mteremko wa kwetu, wenye utelezi wakati wa masika, nimeamua kibaki volti 36.