Mbao za paini: uzoefu wangu kwenye kenchi na kabati

Nimezitumia kwa kenchi za paa, rafu na kabati la jikoni, na nikijenga tena nitazinunua tena, ila si kila ubao unaoitwa paini. Ninazozungumzia ni za Pinus patula, mti wa asili ya Meksiko uliojaa kwenye mashamba ya miti ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ukiwa shambani unautambua kwa majani: sindano ndefu, nyembamba, zinazoning'inia kama nywele zilizochanwa.

Kwa fundi ni mbao za raha. Nyepesi, randa inateleza, msumari unaingia bila jasho, na rangi inashika vizuri. Mti hukua haraka, ndiyo maana bei yake haifiki ya mbao ngumu kama mninga. Hata ile myembamba inayopunguzwa shambani ina soko: nyuzi zake ndefu hutoa karatasi ngumu ya mifuko ya saruji.

Shida ni umri. Mti wa mbao nzuri huachwa hadi miaka 25 hivi, lakini wengi wanakata mapema. Sehemu inayozunguka kiini, iliyoota mti ukiwa mchanga, ni dhaifu na ikikauka hujipinda. Kwa hiyo mimi naanza kutazama kichwa cha ubao. Nikiona kiini katikati na pete pana pana, naurudisha. Nataka pete zilizobanana. Kisha nainua mbao mbili za kipimo kimoja, moja moja. Moja ikizidi sana uzito, mara nyingi bado ina maji, hata muuzaji aape vipi. Mmoja aliniapia, papi zake, zile mbao za kupigilia mabati, zikapinda zikiwa juu ya paa. Michirizi ya bluu ni kuvu. Haipunguzi sana nguvu, inaharibu sura tu.

Bila dawa, mchwa hawaiachi. Ile ya kijani kwa kawaida imetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Kata kipande kidogo uone: ukijani ukiishia juujuu, imechovywa tu, haikusukumiwa dawa kwa presha. Mabaki yake msipikie wala kuotea moto, aseniki inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu.

Kwa mlango wa nje unaopigwa na mvua, sijairudia. Hapo nalipia mninga.