Kukopeshana mtandaoni bila benki: nyota tatu, ya tatu kwa shingo upande

Jukwaa lenyewe silitaji, maana ninayoyalalamikia hayako kwake peke yake. Kazi yake ni hii: unaweka pesa, wao wanazigawa vipande vidogo kwa wakopaji wengi, na kila mwezi unarudishiwa sehemu ya mtaji pamoja na riba, wakishakata ada yao. Benki haimo, ndivyo wanavyojinadi.

Kujisajili hakuna shida. Kilichonivutia ni ukurasa wa mikopo. Kila mstari unaonyesha daraja la mkopaji kuanzia A, wa kuaminika zaidi, hadi E, wa hatari zaidi, muda, riba na sababu ya kukopa: kumaliza deni la kadi, kukarabati nyumba, kununua cherehani. Benki haikuambii hata siku moja pesa zako amepewa nani. Yule wa cherehani alikuwa halazi rejesho, nikajikuta namshangilia kana kwamba namfahamu.

Tatizo liko kwenye safu ya hali ya mkopo. Mstari unaanza na kijani, "unalipwa". Ukigeuka rangi ya chungwa, umechelewa siku 1 hadi 30. Kisha 31 hadi 60. Kisha mkopo unahamishiwa orodha ya iliyofutwa, yaani isiyotarajiwa kulipwa tena, wala hupati ujumbe. Na muda wote huo ile asilimia ya faida iliyoandikwa kwa herufi nene juu ya ukurasa haitikisiki, kwa sababu mkopo unaosuasua bado unahesabiwa kuwa mzima mpaka ufutwe rasmi. Mimi huchukua karatasi: natoa ada, natoa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, hasa ile ya daraja E yenye riba ya kutamanisha. Kinachobaki hakijaachana sana na akaunti ya akiba, na akiba ya benki ina bima ya amana, ya kukulinda benki ikianguka. Hapa hakuna bima. Mkopaji akikimbia, umeliwa.

Kutoka nako kuna mambo. Hulipwi na jukwaa. Unamuuzia mkopeshaji mwingine vipande vyako. Hali ikiwa shwari, vinanunuliwa upesi. Zikivuma habari mbaya, wote tunataka kuuza kwa mpigo na foleni haisogei. Nilipouliza huduma kwa wateja nitasubiri hadi lini, nilijibiwa kwamba inategemea wanunuzi. Jibu la kweli, nakubali, ila halilipi bili.

Baada ya foleni ile nimeelewa kwa nini wakubwa wa biashara hii waligeuka. Zopa ya Uingereza ndiyo iliyoanzisha mtindo huu mwaka 2005. Mwaka 2020 ikapata leseni kamili ya benki, na 2021 ikaufunga mlango wa wakopeshaji wa kawaida. LendingClub ya Marekani iliacha kuwauzia watu binafsi vipande vya mikopo mwishoni mwa 2020, halafu 2021 ikakamilisha ununuzi wa benki. Funding Circle nayo iliwafungia wawekezaji wadogo 2022. Kwa kampuni inayokopesha, amana za wateja wa benki ni pesa nafuu na zimetulia. Sisi wengine tukisikia mtikisiko kidogo tunakimbilia mlangoni. Hao angalau waliondoka kistaarabu. China ilikuwa na maelfu ya majukwaa ya aina hii, na Ezubao pekee ilianguka na pesa za watu wapatao laki tisa. Ilikuwa ikiwalipa wa zamani kwa pesa za wapya.

Hata hivyo sijafunga akaunti. Nimezima kitufe cha kuwekeza kiotomatiki, nachagua A na B kwa mkono, na naweka kiasi ambacho kikikwama sitalala njaa. Ukitaka kujaribu, kabla ya kuweka chochote tafuta ukurasa wa takwimu za mikopo iliyofutwa, mwaka kwa mwaka. Jukwaa lisilouweka wazi, achana nalo.

Wakopaji nao wana lao: majibu huja haraka kuliko benki, lakini ada ya kuandaa mkopo mara nyingi hukatwa juu kwa juu, kwa hiyo unapokea pungufu huku riba ukiilipa kwa mkopo mzima. Linganisha jumla ya utakacholipa. Riba ya kwenye tangazo haitoshi.