Ukinusa pweza wa nazi ujue si wako, ni wa stafu

Jamani nina hasira na nimeivumilia muda sasa. Tulienda Mafia mimi na mume wangu, tukafikia eko-loji moja upande wa ghuba ya Chole, jina nalihifadhi, zile za makuti na sola na banda lisilo na ukuta upande wa bahari. Bei kaangalieni wenyewe, ila kwa hela ile mtu akiomba sahani ya wali apewe bwana.

Usiku wa kwanza tambi na sosi ya nyanya. Haya. Kesho yake kuku wa friza, mkavu, na viazi vilivyovuka na boti kutoka Nyamisati, na huku kwenye karatasi ya chumbani wameandika wanapika vya kisiwani ili kulinda mazingira! Kisiwa minazi mitupu, pweza wapo, changu wapo, mimi natafuna kuku wa friza, halafu harufu ya pweza wa nazi inatoka jiko la nyuma inakuja mpaka mezani kwangu. Nikamwita mhudumu, kijana wa hapo hapo Utende, mpole kweli, nikamwambia mdogo wangu naomba hicho kinachonukia. Akacheka kwa aibu, akasema dada ngoja nikamuulize bosi.

Bosi akaja. Mswahili mwenzetu, tena wa Dar kabisa. Namsalimia Kiswahili ananijibu Kiingereza, eti hicho chakula cha stafu, wageni hawapewi, ndo standadi yao. Nikamuuliza kwani nikilipia? Kageuka, kaenda meza ya Wazungu kuwauliza kama wanaenjoi. Mume wangu ananikanyaga chini ya meza ninyamaze, ninyamaze nini?

Basi kuanzia hapo kila kitu kikaniudhi, taa za sola kufifia usiku, mchanga kitandani, hata maji kupwa unabaki unaangalia tope na mikoko, najua bahari si yao lakini nikawalaumu nayo. Wale wa getini kwa Hifadhi ya Bahari (pamehifadhiwa tangu 1995) walitupokea kwa heshima kuliko hawa tuliowalipa mamilioni.

Ila nahodha wao, loh. Alitupeleka upande wa Kilindoni kuona papa potwe, msimu wao Oktoba mpaka Machi, akazima mashine mbali, akatuambia tuteremke polepole na tusimguse. Yule mnyama kapita chini yangu, madoa mgongo mzima, mdomo wazi anachuja vijidudu wala hana habari na mtu. Nililia ndani ya miwani ya kuogelea. Tulivyorudi kwenye boti mzee akafungua hotipoti lake, karibuni wanangu, na ndani kuna nini? Wali na pweza! Tumekula kwa mkono mpaka chini.

Hapo nikasema nawapa nyota nne. Siku ya kuondoka bosi kaniletea fomu ya maoni, Kiingereza tupu, nikashusha mpaka mbili. Sasa hivi ninavyoandika naona hata mbili nyingi, iwe moja, na hiyo ya nahodha. Mafia nendeni, hata loji hiyo sijui, labda bosi wakimbadilisha. Mkienda hela ya soda ya yule kijana na ya mzee wapeni mkononi, msitumbukize kwenye boksi la mapokezi.