SGR Dar–Dodoma kwa jicho la muuza vitenge

Mie nauza vitenge Dodoma na mzigo naufuata Kariakoo, kwa hiyo barabara ya Morogoro naijua tuta kwa tuta. Tangu treni ya umeme ya SGR, reli ya kisasa, ianze kufika Dodoma, Julai 2024, mabasi nimeyapa talaka. Daraja la kawaida nililipa 31,000. Unapanda asubuhi, mchana uko duka la jumla unapapasa majora. Basi lingekula siku nzima, kisha likushushe Mbezi uanze kugombania daladala ya mjini. Stesheni ya Dar iko katikati ya jiji, Kariakoo naingia kwa miguu. Aliyeamua ikae pale apewe maua yake. Nairobi wenzetu wanashukia Syokimau, huko nje kabisa.

Ndani pametulia. Inakimbia hadi 160 kwa saa, na ukikaribia Kilosa unaanza mfululizo wa mahandaki: giza, mwanga, giza tena, mtandao unakata na muamala wa mteja unaning'inia hapo katikati. Nikiweza kuchagua, nachagua treni ya aina ya Mchongoko. Ina kichwa pande zote mbili, ikifika mwisho dereva anahamia upande wa pili na safari inarudi, hakuna kuhangaika kugeuza injini. Zimenunuliwa seti 10 za mabehewa manane.

Sasa hesabu inayonikosesha raha. Sensa ya 2012 ilikuta mkoa wa Dodoma na watu milioni 2.08, ya 2022 ikakuta milioni 3.09. Milioni nzima imeongezeka ndani ya miaka kumi, nami naiona dukani kwa wateja wageni, wengi watumishi waliohamia na Serikali. Nchi nzima tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, maana yake miaka kama 22 tunakuwa mara mbili. Reli yenyewe ni njia moja. Dar hadi Morogoro njia kuu ni kilomita 205, na nyingine 95 ni za kupishania na maegesho, kwa hiyo treni mbili zikikabiliana lazima moja isubiri. Mabehewa unaweza kununua mwaka wowote ukiwa na hela. Njia ya pili inataka ardhi, na ardhi ya kandokando ya reli watu wanaijenga kila siku. Kesho fidia yake itakuwa ghali kuliko chuma. Ningekuwa mpanga mipango ya reli, ningeanza na ardhi ya Dar–Morogoro, maana kila anayekwenda bara anapita hapo.

Kwa sasa naipa nyota nne. Dodoma stesheni iko nje ya mji, tenga hela ya bajaji. Na kama unafanya biashara kama yangu, usijisumbue kuburuta marobota hadi kwenye behewa: mzigo upakie kwenye Fuso usiku, wewe panda treni na mkoba wako, mtakutana dukani.